Mgongo ukivunjika, goti ndilo linalolipa

KIGOMA. Kila shabiki wa soka anaijua hii. Winga anaumia goti, anafungwa hogo, anakaa nje wiki sita. Siku hogo linapokatwa, mguu unaotoka siyo ule ulioingia. Paja limekonda, ngozi imepauka, ukiilaza miguu miwili pamoja utadhani kila mmoja una mwenyewe. Hapo jamaa anaanza upya: ngazi, vyuma, kuogelea, kukimbia taratibu pembeni ya uwanja wakati wenzake wanachezea mpira. Baada ya miezi kadhaa paja linajaa tena na anarudi kikosini.

Sasa toa lile hogo, lakini uache mguu umetulia vilevile. Siyo kwa wiki sita, kwa maisha. Hiyo ndiyo hali ya mtu aliyeumia uti wa mgongo kiasi cha kupooza miguu. Hana plasta, hana jeraha linaloonekana kuanzia kiunoni kwenda chini, na pengine siku ya kwanza miguu yake ni mizuri kuliko ya wachezaji wengi wa ligi. Mwaka mmoja baadaye haifanani tena.

Wengi, hata ndugu wanaomuuguza, wanaamini kilichopotea kilipotea siku ile ya ajali na kwamba kilichobaki ni kuzoea. Sivyo. Ajali inachukua mawasiliano kati ya ubongo na miguu. Misuli na mifupa inachukuliwa baadaye, kidogokidogo, nyumbani, mtu akiwa ameshatoka hospitali na majirani wameshapunguza kuja kumjulia hali. Sehemu kubwa ya hasara hiyo inatokea ndani ya mwaka wa kwanza na wa pili. Na bili ikija, mara nyingi inakuja kwenye goti.

MCHIKICHI, BODABODA, ZIWA

Kigoma ni mkoa wa mpira. Hapa ndipo alipozaliwa kipa Juma Kaseja, na jioni yoyote ukipita Ujiji, Mwanga au Gungu utakuta vijana wanagombea mpira kwenye vumbi mpaka giza liwafukuze. Lakini mpira wenyewe ni nadra kuvunja mgongo wa mtu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la uti wa mgongo, na vyanzo vikubwa ni ajali za barabarani, kuanguka na vurugu. Kwa Tanzania, kumbukumbu za wagonjwa wa kaskazini wanaopokelewa KCMC, Moshi, zinaonyesha kitu hichohicho: kuanguka na barabara ndivyo vinavyoongoza.

Kuanguka kuna sura yake katika kila mkoa. Kigoma kuna mchikichi. Mti mrefu wa mawese hauvunwi kwa kurushiwa mawe. Mtu anajifunga kamba, anapanda na panga lake, anafika juu, anaanza kukata mkungu huku miguu ikisukuma shina. Wapandaji ni vijana, wepesi, wenye miguu ya nguvu. Yaani ni walewale wanaotafutwa na makocha wa timu za mtaani. Kamba ikikatika, au ukuti ulioukamata ukiachia, safari ya kurudi chini haichukui hata sekunde mbili.

Tangu 2018 serikali imekuwa ikisukuma kilimo cha michikichi mipya aina ya Tenera, mbegu zikitoka kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, hapahapa Kigoma. Sababu ni mafuta, siyo migongo. Lakini mti mchanga unavunwa mtu akiwa amesimama chini, na hiyo peke yake ni habari njema kwa miaka kadhaa. Miti mirefu ya wazee, hata hivyo, bado imesimama.

Kuna bodaboda, hasa kwenye mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni, ambako dereva akiwa na abiria wawili nyuma breki zinakuwa za kubahatisha. Na kuna ziwa. Kijana anasimama kwenye ubavu wa mtumbwi, anajirusha kichwa mbele kwenye maji asiyoyajua kina. Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, lakini ufukweni mchanga unaweza kuwa mita moja tu chini. Huyu anaumia shingo, na shingo ikiumia hata mikono inaingia kwenye hesabu.

Kosa la kwanza linafanyika hapohapo kwenye tukio. Wasamaria wema wanamnyanyua, mmoja mabegani, mwingine miguuni, kiuno kinaning'inia katikati kama gunia. Kisha anapakizwa mshikaki kwenye bodaboda, amekalishwa katikati ya watu wawili. Pingili iliyopasuka inaweza kusogea na kumaliza kazi ambayo ajali haikuimaliza. Mtu wa namna hii analazwa kwenye ubao au mlango uliong'olewa, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, anageuzwa kwa pamoja kama gogo. Hakuna haraka inayozidi hiyo.

Kutoka hapo anafikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Akihitaji upasuaji mkubwa wa mgongo, safari inaweza kuwa ya Bugando, Mwanza, au ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Kwa njia ya reli, Dar ni kama kilomita 1,250. Akimaliza matibabu anarudi kwao, na mechi ndefu inaanza.

WABOMOAJI WANAONGOZA

Ndani ya pingili za mgongo mnapita kamba ya mishipa ya fahamu, vitabu vinaiita ugwemgongo. Ndiyo laini ya simu kati ya ubongo na mwili. Ikikatika au kupondwa, amri ya "tembea" inaishia njiani, na taarifa ya "naumia" nayo inaishia njiani ikitokea upande wa pili. Kumbuka hili la pili, ndilo linalosumbua baadaye.

Misuli ndiyo inayoanza kuondoka. Ndani ya wiki chache tu paja linaonekana kupungua, na pale penye nyama mafuta yanaanza kujipenyeza. Kuna jambo moja ambalo mtu wa michezo atalishangaa. Msuli wa mguu una nyuzi za aina mbalimbali: zile za stamina, zinazombeba kiungo dakika 90, na zile za kasi, zinazompa straika mbio za hatua kumi. Baada ya jeraha, kwa miezi na miaka, nyuzi za stamina zinageuka kuwa za kasi. Kwa maneno mengine, mguu uliopooza unakuwa na misuli ya mkimbiaji wa mita 100, ila mkimbiaji anayechoka kabla hajafika mita 10.

Mfupa nao ni uwanja wa mechi isiyosimama. Kuna chembe zinazojenga na chembe zinazobomoa, kila siku, kwa kila mtu. Kwa kijana mzima matokeo ni sare, au wajenzi wanaongoza. Kinachowapa wajenzi nguvu ni kukanyaga, kuruka, kusukumana, ule mshtuko wa mguu na ardhi pamoja na mvuto wa misuli. Ukiuondoa, wajenzi wanazubaa na wabomoaji wanashambulia bila upinzani. Kukosa kukanyaga siyo sababu pekee. Kukatika kwa mishipa ya fahamu kwenyewe, na mabadiliko ya homoni yanayofuata, vinawaongezea wabomoaji nguvu.

Wanaanga wanaokaa angani, ambako hakuna uzito, hupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, na hilo linachukuliwa kuwa tatizo kubwa kiasi cha kufungiwa mashine za mazoezi ndani ya chombo. Kwenye goti la mtu aliyeumia uti wa mgongo, kasi ya miezi ya mwanzo ni kubwa kuliko hiyo. Vipimo vilivyofanywa Uswisi na kuchapishwa 2004 vilionyesha kwamba hali ikishatulia, miaka kadhaa baada ya ajali, mfupa wa paja karibu na goti umebaki na kama nusu tu ya uzito wake, na mfupa wa ugoko karibu na goti umepoteza kama asilimia 60. Katikati ya mfupa, pale penye ganda nene, hasara ni ndogo zaidi. Mikono ya mtu aliyepooza miguu pekee haiguswi na balaa hili, kwa sababu yeye sasa anatembea kwa mikono.

Linganisha na kisa ambacho mashabiki wanakikumbuka. Julai 2021, basi la Polisi Tanzania lilipata ajali Moshi na mshambuliaji Gerald Mdamu akavunjika miguu yote miwili. Balaa kubwa kwa mchezaji. Lakini kwenye mguu uliovunjika laini ya simu bado ipo. Maumivu yanakwambia lini usikanyage, daktari anakwambia lini uanze, na ukianza kukanyaga mfupa unapokea amri ya kujijenga. Aliyeumia uti wa mgongo anaweza kuwa na mifupa mizima yote siku anapoingia hospitali, halafu akavunjika paja miaka mitano baadaye akiwa nyumbani kwake, akivaa suruali.

Hilo halijatiwa chumvi. Mifupa hii inavunjika kwa vitu vidogo: kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kuteleza chooni, mguu kunasa chini ya kiti mwendo, ndugu kuukunja mguu kwa nguvu. Na kwa kuwa taarifa ya maumivu haifiki kwenye ubongo, hakuna anayepiga kelele. Asubuhi goti limevimba, lina joto, pengine limebadilika rangi au mguu umekaa upande. Familia inasema amelalia vibaya.

Yale madini yanayotoka kwenye mfupa nayo hayapotei hewani. Yanaingia kwenye damu, yanachujwa na figo, yanatoka na mkojo. Kwa mtu anayetumia mpira wa mkojo na asiyekunywa maji ya kutosha, ndiyo mwanzo wa mawe. Wakati mwingine mwili unafanya kituko kingine kabisa: huku mfupa wa goti ukiliwa, mfupa mpya unaota mahali pasipo pake, ndani ya nyama kuzunguka nyonga, hasa katika miezi ya mwanzo. Nyonga inakaza, kukaa kwenye kiti kunakuwa shida.

KUKANDA

Hapa ndipo panapohitaji kusemwa wazi, kwa heshima zote za mama na bibi wa Kigoma. Mtu akiumia, nyumbani kuna dawa moja isiyokosa: kukandwa. Maji ya moto, kitambaa, mafuta, na mkono wenye nguvu. Kwa mchezaji aliyeteguka kifundo ni suala la mjadala. Kwa mtu aliyepooza miguu ni hatari mara mbili.

Kwanza, ngozi haihisi. Maji ambayo mgonjwa mwingine angeruka nayo, huyu anayapokea kimya, na kesho kuna malengelenge. Kidonda cha moto kwenye ngozi isiyohisi kinapona taratibu mno, na kinamrudisha kitandani, kule kule ambako misuli na mifupa inaisha. Pili, mkandaji anayeamini kwamba mguu uliokakamaa unahitaji kunyooshwa kwa nguvu anaweza kuuvunja. Akisikia kitu kimelia "ka", atasema mshipa umekaa sawa.

Mkono wa mama unahitajika sana, lakini kwa kazi nyingine. Kunyoosha viungo taratibu, kila siku: kifundo, goti, nyonga, kimoja baada ya kingine, mkono mmoja ukishika juu ya kiungo na mwingine chini, bila kukurupuka, na kusimama pale kiungo kinapokataa. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumfundisha ndugu kazi hiyo kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Familia inatakiwa kulidai somo hilo kama inavyodai karatasi ya dawa. Moshi, kwenye kampasi ya KCMC, kuna shule ya fiziotherapia na kuna TATCOT, chuo kilichoanza 1981 kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, vifaa vya kusaidia mwili na viti mwendo, kwa hiyo taaluma siyo ngeni nchini. Tatizo ni umbali kati ya taaluma hiyo na kitanda cha kamba kilichoko Ujiji.

Jambo jingine linalozua mkanganyiko ni mishtuko. Wiki au miezi baada ya ajali, miguu iliyokuwa imelegea inaanza kuruka yenyewe, inakaza, inatikisika. Nyumba nzima inafurahi: mguu umeanza kurudi! Mara nyingi siyo hivyo. Ni uti wa mgongo chini ya jeraha unaojiendesha bila bosi wake. Mishtuko haimaanishi kwamba mtu atatembea, ingawa siyo adui wa moja kwa moja pia, maana misuli inayokaza inabaki na nyama kuliko ile iliyolegea kabisa. Ikizidi inaweza kumtupa mtu nje ya kiti, na ikiongezeka ghafla bila sababu, iulizwe: kuna kidonda, mkojo umeziba, au kuna mfupa umevunjika?

DAKIKA ZA MWANZO

Mwaka wa kwanza ni sawa na dakika 20 za mwanzo ugenini. Hushindi mechi hapo, lakini unaweza kuipoteza.

Tumchukue kijana wa mfano, winga wa timu ya mtaani Ujiji, miaka 22, kaanguka mchikichini, kapooza kuanzia kiunoni. Amerudi nyumbani mwezi wa tatu. Cha kwanza ni kutomwacha chali. Kitandani anageuzwa kila saa mbili, kazi ambayo Dk Ludwig Guttmann aliigeuza kuwa sheria kwenye kitengo alichokifungua hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wakati ambao wengi waliamini wagonjwa wa aina hii hawana muda mrefu wa kuishi. Guttmann huyohuyo aliwapa pinde na mishale. Julai 29, 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwenye nyasi za hospitali. Kutoka pale ndiko ilikotoka Paralimpiki. Michezo ilianza kama dawa, medali zikaja baadaye.

Cha pili ni kumkalisha, kisha kumsimamisha. Fundi seremala akipewa vipimo na mtaalamu anaweza kutengeneza fremu ya mbao yenye mikanda ya magoti, nyonga na kifua. Winga wetu anasimamishwa dakika chache, kwa kuwa presha hushuka na kizunguzungu humpata, kisha muda unaongezwa siku hadi siku. Ukweli usemwe: ushahidi kwamba kusimama tu kunarudisha mfupa ni dhaifu. Kunachofanya vizuri ni kuzuia vifundo na magoti kukakamaa, kusaidia tumbo kufanya kazi, na kumpa mtu nafasi ya kumtazama mwenzake usoni badala ya kumtazama mkanda wa suruali. Na fremu hii siyo ya kila mtu. Aliyekaa miaka kumi bila kusimama asiinuliwe leo kwa sababu ndugu kasoma gazeti. Mifupa yake ipigwe eksirei na daktari aseme kwanza.

Dawa za kuzuia mfupa kubomoka zipo, zilezile wanazopewa wazee wenye mifupa myepesi. Zikianza mapema zimesaidia kulinda nyonga. Goti limekuwa bishi zaidi. Ni suala la daktari, siyo la duka la dawa baridi.

Umeme ndio uliofika mbali. Pedi zinabandikwa pajani, mkondo mdogo unaiamsha misuli kwa zamu, na miguu iliyopooza inaendesha baiskeli. Oktoba 2016, mjini Kloten karibu na Zurich, kulifanyika mashindano ya Cybathlon, na mojawapo ya mbio ilikuwa ya baiskeli hizo, mita 750. Mmarekani Mark Muhn wa timu ya Cleveland alishinda kwa miguu ambayo ubongo wake hauwezi kuiamuru. Misuli ya watu wanaofanya zoezi hili inajaa kweli. Mfupa unarudi kiasi, kwa kazi ya muda mrefu, na ukiacha kuendesha unaanza kuondoka tena. Mashine zenyewe ni ghali, kwa hiyo kwa Kigoma hii ni habari ya mbali, lakini inaonyesha kwamba msuli uliopooza haujafa. Unasubiri amri.

Kilichoko karibu ni chakula, na hapa mwambao una bahati yake. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo sahani moja inabeba protini ya msuli na madini ya mfupa. Tatizo ni kinachokaa pembeni ya dagaa. Ugali wa muhogo una wanga mwingi na protini kiduchu, na mtu ambaye misuli yake mikubwa imelala hahitaji mlima aliokuwa anaumaliza alipokuwa akikimbia dakika 90. Familia nyingi zinampa mgonjwa ugali zaidi kwa upendo. Unageuka mafuta tumboni, na kila kilo inayoongezeka itabebwa na mabega. Dagaa waongezwe, ugali upungue, maji yanywewe. Vidonge vya kalsiamu visinunuliwe holela, hasa miezi ya mwanzo wakati mfupa wenyewe unamwaga madini kwenye figo. Na jua, ambalo Kigoma halina bei, mtu atolewe nje akalipate. Vitamini D haipenyi bati.

BEGA NDIYO MGUU MPYA

Winga wetu akishapata kiti, mabega yanaanza kufanya kazi ya miguu. Bega halikuumbwa kwa hilo. Nyonga ni mpira uliozama ndani ya kikombe kirefu. Bega ni mpira uliowekwa juu ya kisosi na kushikiliwa na misuli midogo. Zaidi ya theluthi ya watu wanaotumia viti mwendo huja kupata maumivu ya bega. Mtu mzima akiumia mguu anapumzika. Huyu akiumia bega hawezi kwenda hata chooni.

Mji wenyewe haumsaidii. Kutoka stesheni kupanda Mwanga ni kilima, Kibirizi ni mchanga, na mtaani Ujiji mvua ikinyesha barabara inakuwa mfereji. Hivyo mazoezi ya bega ni lazima kama ya kipa. Misuli ya nyuma ya bega, inayovuta, ndiyo inayosahaulika kwa sababu kiti kinasukumwa kwenda mbele. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa na kufungwa kwenye nguzo ya baraza unatosha: vuta kuelekea mbavuni, achia taratibu, rudia. Kiti kisukumwe kwa mkono mrefu na laini, siyo kwa vipigo vifupi vya haraka. Kuhama kitandani kufanyike kwa ubao wa kutelezea, ili mwili uteleze badala ya kunyanyuliwa.

Baada ya hapo, maisha ya uwanjani yanawezekana. Uwanja wa Lake Tanganyika ulifurika Julai 25, 2021, Simba ilipoifunga Yanga 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, bao la Taddeo Lwanga. Na tangu Mashujaa ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, vigogo wa Dar wanafika Kigoma kucheza. Mashabiki wa hapa hawana roho mbaya. Wakimwona mtu wa kiti kwenye ngazi, watu sita wanamrukia kumbeba.

Ni pale penye kumbeba ndipo magoti yanapoumia. Anayetaka kusaidia amuulize mwenyewe kwanza, maana yeye ndiye anayejua kiti kinashikwa wapi. Wawili nyuma, wawili mbele, wote wakishika fremu ya kiti, siyo magurudumu, siyo mikono yake, na hasa siyo miguu. Nyayo zifungwe kwa mkanda kwenye sehemu ya kukanyagia zisidondoke na kunasa. Kwenye mlango wa bajaji miguu iingizwe kwa mikono miwili, taratibu, goti likikingwa lisigonge chuma. Na usiku akifika nyumbani, viatu na soksi vinavuliwa, suruali inapandishwa, na magoti yanaangaliwa kwa taa, moja likilinganishwa na jingine. Likiwa moja limevimba au lina joto, halikandwi. Linafungwa mto laini kulizuia lisicheze, na asubuhi safari ni ya eksirei, ambako muhudumu anatakiwa kuambiwa mapema kwamba mguu huu hauhisi, ili asije akaufunga hogo gumu la kawaida linaloweza kuchimba kidonda ndani kwa ndani bila mwenyewe kujua.